Kisulisuli Kinapokutana na Bawa

Nadharia ya bawa, kama inavyofundishwa kwa wanaoanza, hutegemea hewa tulivu inayokuja kwa mwendo mmoja kutoka upande mmoja, ikagawanyika kwenye ukingo wa mbele, ikapita juu na chini ya bawa, kisha ikaachana nalo kwenye ukingo wa nyuma bila vurugu. Picha hiyo ina ukweli wake, na ndege nyingi zimesanifiwa kwa kuitegemea, lakini hewa halisi ina utulivu huo mara chache. Ndege kubwa inayotua huacha nyuma yake mikondo miwili mizito inayozunguka, ndiyo sababu wasimamizi wa safari za anga huilazimisha ndege inayofuata isubiri. Panga moja la helikopta huliachia panga linalofuata hewa iliyokwisha kuvurugwa. Majengo, miamba na migongo ya milima hukata upepo ukawa mapande yanayozunguka. Hivyo bawa, katika sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, hukutana na visulisuli, na elimu ya namna linavyovipokea bado haijakamilika.

Kisulisuli, kwa maana inayotumika katika elimu ya mwendo wa hewa, ni fungu la hewa linalozunguka mhimili wake huku likichukuliwa na mkondo mkuu. Kinaweza kuwa na upana wa milimita chache au wa makumi ya mita, lakini kanuni zake ni zilezile, nazo hutumika kwa maji pia: mpiga makasia anapovuta kasia huviona vizunguko viwili vidogo vikitokea kwenye kingo zake, na vizunguko hivyo huendelea kusafiri hata baada ya kasia kuondolewa. Neno bawa nalo litachukuliwa hapa kwa upana wake, yaani kila kitu ambacho mkato wake, kikikatwa kwa upande, una umbo la kuchongwa lenye ukingo wa mbele wa mviringo na ukingo wa nyuma mwembamba: bawa la ndege, mkia wake wa wima, panga la helikopta na panga la mtambo wa kufua umeme kwa upepo.

Jambo la kwanza linalobadilika kisulisuli kinapowasili ni pembe ya kukabili upepo, yaani pembe iliyopo kati ya bawa na mwelekeo wa hewa inayolijia. Ikiwa bawa linasafiri kwa mita 30 kwa sekunde, nalo likakutana na upande wa kisulisuli ambako hewa inapanda kwa mita 5 kwa sekunde, pembe hiyo huongezeka kwa takriban digrii 9 na nusu. Na kiini cha kisulisuli kikishapita, hewa ya upande wa pili inashuka kwa kasi ileile, kwa hiyo pembe hupungua kwa kiasi hichohicho. Kama kisulisuli chenyewe kina upana wa sentimita 30, mabadiliko yote hayo, ambayo jumla yake ni kama digrii 19, hutokea katika muda wa sehemu moja ya mia ya sekunde. Hakuna rubani awezaye kuitikia kwa haraka hiyo, wala hakuna usukani wa kawaida wenye bawaba na mitambo ya kuusukuma unaoweza kumaliza mwendo wake katika muda huo.

Kama hewa ingebaki imeshikamana na bawa wakati wote, hesabu ingekuwa ngumu lakini ingewezekana, na kwa kweli ilikwisha kufanywa zamani. Theodore Theodorsen alichapisha mwaka 1935 hesabu ya nguvu zinazolipata bawa linalotikisika, na mwaka 1938 Theodore von Kármán na William Sears walieleza namna bawa linavyoitikia hewa isiyo sawa. Kazi hizo zingali zinatumika, ila zimejengwa juu ya masharti mawili, kwamba mabadiliko ya pembe ni madogo na kwamba hewa haibanduki juu ya bawa. Kisulisuli chenye nguvu huyavunja masharti yote mawili kwa pamoja.

Kubanduka kwa hewa kunahitaji maelezo, kwa sababu ndiko kiini cha habari yote. Karibu kabisa na uso wa bawa kuna utando mwembamba wa hewa uliopunguzwa kasi na msuguano, nao huitwa tabaka la mpaka. Juu ya sehemu ya nyuma ya bawa shinikizo la hewa huongezeka kadiri mtiririko unavyoelekea kwenye ukingo wa nyuma, maana yake ni kwamba hewa ya tabaka hilo, ambayo tayari ni dhaifu, hulazimika kwenda ikipanda mlima wa shinikizo. Pembe ikiwa kubwa mno, hewa hiyo hushindwa, husimama, hurudi nyuma, na mtiririko wote wa juu hubanduka kutoka kwenye bawa. Nguvu ya kuinua huporomoka na ukinzani huongezeka.

Lakini pembe inapoongezeka kwa ghafla, hewa haibanduki mara moja. Utando unaobanduka kwenye ukingo wa mbele hujikunja ukawa kisulisuli kipya, ambacho hukaa juu ya bawa kwa kitambo kidogo na kulivuta kwenda juu kwa nguvu inayopita kile kiwango cha juu ambacho bawa hilo lingeweza kufikia katika hewa tulivu. Kisha kisulisuli hicho huteleza kuelekea nyuma, huliachilia bawa, na nguvu yote ya ziada hutoweka kwa mkupuo huku bawa likipata msukumo mkali wa kuinamisha pua yake. W. J. McCroskey na wenzake katika kituo cha NASA Ames, Marekani, walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970 kwa kuyatikisa mabawa ndani ya mahandaki ya upepo, kwa kuwa ndilo linaloyachosha mapanga ya helikopta inayokwenda kasi. Kwa hiyo kisulisuli kinachotoka nje huzaa kisulisuli kingine juu ya bawa, na viwili hivyo hukutana, huungana au husukumana, kutegemea upande ambao kila kimoja kinazungukia na wakati vinapokutana. Hapo ndipo maswali magumu yanapoanzia.

Ugumu wa kuyajibu unatokana kwa sehemu kubwa na tabia ya visulisuli vyenyewe, kwamba kila kimoja huja kwa wakati wake, kikiwa na nguvu yake na kikipita kwa njia yake. Mtafiti akiweka bomba la mviringo mbele ya bawa ndani ya handaki la upepo, bomba hilo huangusha visulisuli kwa zamu, kimoja kutoka juu na kimoja kutoka chini, kwa marudio yanayoweza kukisiwa: kwa bomba la kipenyo cha sentimita 5 na hewa ya mita 20 kwa sekunde, jozi zipatazo 80 hupatikana kila sekunde. Hata hivyo jozi hizo hazilingani kabisa, wakati wa kuwasili kwake huyumba kidogo, na hakuna namna ya kukiamuru kimoja kije peke yake. Anayepima nguvu zinazolipata bawa hupata mchanganyiko wa matokeo mengi yanayofanana bila kuwa sawa, asiweze kusema kwa uhakika ni lipi lililosababishwa na lipi.

Udhibiti amilifu wa mtiririko hutoa njia ya kutoka katika mkwamo huo. Maana yake ni kutia nguvu kidogo ndani ya hewa, mahali palipochaguliwa na kwa wakati uliochaguliwa, ili mtiririko mzima ubadilike. Nao hutofautiana na udhibiti tulivu, kama vile vibanzi vidogo vilivyosimamishwa juu ya mabawa ya ndege nyingi, ambavyo hufanya kazi muda wote bila kuamriwa na bila kuzimwa. Wazo lenyewe lina umri sawa na elimu ya tabaka la mpaka. Ludwig Prandtl, alipoliwasilisha tabaka hilo kwa mara ya kwanza mjini Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1904, alionyesha pia kwamba kuinyonya hewa dhaifu kupitia upenyo mwembamba katika ubavu wa silinda huchelewesha kubanduka kwa mtiririko. Miaka ya 1950 ilileta ndege za kivita, mojawapo ikiwa F-104 ya Marekani, zilizochota hewa iliyoshindiliwa kutoka kwenye injini na kuipuliza juu ya vibawa vya nyuma ili ziweze kutua kwa mwendo mdogo zaidi. Njia hiyo ilifaa, lakini ilikula hewa nyingi ambayo injini ingeitumia kuisukuma ndege.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale ilipogunduliwa kwamba kupuliza kwa vipindi kunashinda kupuliza mfululizo. Avraham Seifert, Israel Wygnanski na wenzao walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mipulizo inayorudiarudia huweza kuifanya hewa ishikamane tena na bawa kwa kutumia sehemu ndogo tu ya msukumo ambao mpulizo wa mfululizo ungeuhitaji, ili mradi marudio yake yapatane na ukubwa wa eneo lililobanduka. Kipimo chake ni rahisi: mpulizo mmoja na unaofuata itenganishwe na muda unaokaribiana na ule ambao hewa huutumia kulipita eneo hilo. Kwa bawa lenye upana wa sentimita 25 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, katika hewa ya mita 20 kwa sekunde, muda huo ni milisekunde 12.5, sawa na mipulizo 80 kwa sekunde. Sababu ya mafanikio hayo ni kwamba utando uliobanduka una tabia ya asili ya kujikunja ukawa visulisuli, na mpulizo mdogo unaokuja kwa wakati wake huupangia utando huo namna ya kujikunja, hata visulisuli vinavyozaliwa vikawa vikubwa na vya kulingana, navyo huichota hewa yenye kasi kutoka juu na kuishusha kwenye uso wa bawa. Ni vema jambo hili lizingatiwe, kwa sababu linabadilisha mtazamo mzima: dawa ya vurugu iliyoletwa na kisulisuli imekuwa ni visulisuli vingine, vilivyozaliwa kwa amri.

Vyombo vya kutoa mipulizo hiyo ni vya namna nyingi, na kimoja kinastahili kuelezwa. Ari Glezer na wenzake katika Georgia Institute of Technology, mjini Atlanta, waliendeleza chombo chenye chumba kidogo, tundu au ufa mmoja, na kiwambo kinachotikisika kwa umeme. Kiwambo kikirudi nyuma, hewa huingia kutoka pande zote za tundu; kikisonga mbele, hewa hutoka kama pete inayozunguka na kwenda zake kabla haijaweza kunyonywa tena. Kwa hesabu ya jumla hakuna hewa iliyoongezwa, lakini msukumo umetolewa, na hakuna bomba wala mtungi wa hewa unaohitajika. Vyombo vingine hutumia umeme wa volti nyingi kati ya vipande viwili vya chuma vilivyotenganishwa na kihami, vikaunda plasma nyembamba inayoisukuma hewa iliyo karibu. Vingine huchoma mchanganyiko kidogo wa gesi ndani ya chumba kidogo, na mlipuko wake hutoa mpulizo mkali wa takriban milisekunde moja.

Kwa vyombo hivyo jaribio hugeuka sura. Kisulisuli hakisubiriwi tena, bali huagizwa: bawa dogo lililowekwa mbele hugeuzwa kwa ghafla au hupulizwa kwenye ukingo wake wa nyuma, nalo huangusha kisulisuli kimoja chenye nguvu inayojulikana na kinachozungukia upande uliochaguliwa, ambacho kitalifikia bawa linalochunguzwa baada ya muda unaojulikana. Kwa kuwa tendo linaweza kurudiwa mara mamia kwa namna ileile, vipimo vinavyochukuliwa katika hatua moja ya safari ya kisulisuli hukusanywa na kutafutiwa wastani, na yale yaliyotokea kwa bahati hufutika, yakabaki yale yanayohusiana na kisulisuli chenyewe. Hewa hupandwa chembechembe ndogo za mafuta au moshi, huangazwa kwa bapa jembamba la mwanga wa leza, na kamera hupiga picha mbili zilizotenganishwa na muda mfupi sana, ambazo kompyuta huzilinganisha ili kupata mwendo wa hewa katika maelfu ya nukta kwa pamoja. Wakati huohuo vihisi vya shinikizo vilivyofukiwa kwenye uso wa bawa huandika kila kinachopita juu yake.

Hatua inayofuata ndiyo yenye manufaa zaidi kwa uelewa, nayo ni kulipa bawa lenyewe mpulizo kwa nyakati tofauti za mkutano huo. Mpulizo unaotolewa kabla kisulisuli hakijawasili, ule unaotolewa kikiwa juu ya ukingo wa mbele, na ule unaotolewa kikishapita, huleta matokeo matatu tofauti, na kwa kuyalinganisha mtafiti hufahamu ni wakati gani mtiririko uko tayari kugeuzwa na ni wakati gani umekwisha kuamua mwelekeo wake. Kutazama peke yake kusingetoa jibu hilo, kwa kuwa mambo mawili yanayoonekana pamoja hayathibitishi kwamba moja limelizaa jingine. Kuligusa moja na kuona kama jingine litabadilika ndiko kunakothibitisha. Udhibiti amilifu huzungumzwa zaidi kama tiba ya mabawa, lakini thamani yake kama njia ya kuiuliza hewa maswali haipungui hata kidogo, na pengine ndiyo itakayodumu zaidi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha aina ya majibu yanayopatikana. Bawa ambalo hewa yake imebanduka likipewa mpulizo mmoja mfupi karibu na ukingo wa mbele, mtu angetarajia nguvu ya kuinua iongezeke mara moja. Majaribio ya Georgia, na yale ya David Williams na wenzake katika Illinois Institute of Technology, mjini Chicago, yalionyesha vingine: kwanza nguvu hiyo hupungua, kisha hupanda hadi kilele chake baada ya muda ambao hewa ingelipita bawa zima takriban mara tatu, halafu hushuka polepole hadi ilipoanzia. Kupungua kwa mwanzo kunatokana na kwamba mpulizo huukata utando uliobanduka, na kipande kikubwa kilichokatwa hupita juu ya bawa na kuvuruga shinikizo kabla hewa mpya haijashikamana nyuma yake. Kwa hiyo chombo cha udhibiti kinachoamriwa kuitikia dhoruba pale tu inapohisiwa kinaweza kuzidisha madhara badala ya kuyapunguza, jambo ambalo msanifu wa mfumo wa kompyuta wa kuongoza ndege hana budi kulijua kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu yake. Huko Chicago watafiti waliutumia ujuzi wa ucheleweshaji huo kupanga mipulizo mapema, wakaweza kupunguza mitikisiko ya nguvu ya kuinua katika handaki ambalo kasi ya upepo wake ilikuwa ikipandishwa na kushushwa kwa makusudi.

Helikopta ilitoa fundisho la jamaa ya hili. Panga lake huacha kisulisuli kikali kwenye ncha, kwa sababu hewa yenye shinikizo kubwa iliyo chini yake huzunguka ncha na kwenda juu. Helikopta inaposhuka ili kutua, mapanga huzama katika hewa yao wenyewe, na panga linalofuata hukigonga kisulisuli kilichoachwa na lililotangulia. Mhimili wa kisulisuli ukiwa sambamba na ukingo wa mbele wa panga, sehemu ndefu ya panga hupigwa kwa wakati mmoja, na hapo hutoka ule mlio wa kupigapiga unaowasumbua wakazi wa karibu na viwanja vya helikopta. Mwaka 1994 watafiti wa Ujerumani, Ufaransa, Marekani na Uholanzi walilipeleka pangaboi la mfano katika handaki kubwa la DNW nchini Uholanzi, wakabadilisha pembe ya mapanga yake mara kadhaa ndani ya kila mzunguko, na hivyo wakaweza kukisogeza kisulisuli juu au chini ya njia ya panga na kubadilisha nguvu yake. Kelele ilipungua kwa desibeli kadhaa. Jaribio la pili, la mwaka 2001, lilikuwa na mpangilio mmoja wa kupunguza kelele na mwingine wa kupunguza mtetemo, kwa sababu mipangilio hiyo haikuwa kitu kimoja, ishara kwamba kinachoamua sauti katika mkutano wa kisulisuli na panga si kilekile kinachoamua nguvu zinazoitikisa helikopta.

Nje ya maabara hatua zimekuwa za tahadhari. Mwaka 2015 kampuni ya Boeing na NASA zilirusha ndege ya aina ya 757 ambayo mkia wake wa wima ulikuwa na vipulizio 31 vya hewa inayoyumba kulia na kushoto, baada ya mkia kama huo kupimwa kwa ukubwa wake kamili katika handaki la Ames, ambako nguvu yake ya upande iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Mkia wa wima hujengwa kuwa mkubwa kwa ajili ya siku adimu ambayo injini ya upande mmoja itazimika wakati wa kuruka, na kwa siku nyingine zote ukubwa huo ni mzigo unaobebwa bure. Ndiyo maana matarajio ya kuupunguza yana uzito wa fedha na wa mafuta.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili liko karibu zaidi katika mitambo ya upepo. Shamba la Turkana, katika kaunti ya Marsabit nchini Kenya, lina mitambo 365 yenye uwezo wa jumla wa megawati 310, iliyopangwa katika safu mahali ambapo upepo hupenya kwa nguvu kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia. Panga la mtambo ulio katika safu ya nyuma hupitia mabaki ya visulisuli vya ncha za mapanga ya mbele, na kila mzunguko humaanisha kupanda na kushuka kwa pembe ya upepo, mamilioni ya mara katika maisha ya mtambo. Uchovu wa chuma na wa nyuzi za kioo hujengeka hivyo hivyo, kidogo kidogo, na watafiti wa nchi mbalimbali wanajaribu kama vipulizio vidogo vilivyofichwa ndani ya panga vinaweza kuupunguza bila kula umeme mwingi kuliko faida inayopatikana.

Swali linalobaki wazi zaidi ni la visulisuli vikali kupita kiasi, ambavyo hewa yake huzunguka kwa kasi kuliko hata mwendo wa bawa lenyewe, hali ambayo ndege ndogo isiyo na rubani inaweza kuikuta kati ya majengo ya mji au nyuma ya mlima. Kai Fukami na Kunihiko Taira, wakiwa katika chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, walichapisha mwaka 2023 kazi iliyochukua mikutano mingi ya visulisuli vya aina hiyo na bawa, iliyotengenezwa kwa hesabu ya kompyuta, wakaipa mashine ijifunze. Ikaonekana kwamba mtiririko wenye maelfu ya nukta unaweza kuelezwa kwa vigeu vitatu tu, na kwamba mikutano inayotofautiana kwa nguvu na kwa njia hujipanga kwenye uso mmoja laini ndani ya nafasi ya vigeu hivyo. Kazi iliyofuata, wakishirikiana na Hiroya Nakao, iliutumia uso huo kutafuta wakati na namna ya kuisukuma hewa ili mruko wa nguvu ya kuinua uzimwe upesi. Hesabu hizo zilifanywa kwa hewa iendayo taratibu sana juu ya bawa dogo, ambamo msukosuko haujaanza, kwa hiyo kinachosubiriwa sasa ni kuona kama vigeu vichache vitaendelea kutosha katika handaki la upepo, ambako kisulisuli kina vurugu ndani yake na vihisi vinavyokitazama ni vichache kuliko nukta za kompyuta.